Vidonge vya Seleniamu na Miguu ya Dada Yako

Igamba, Mbozi
Jioni, kabla hujasafiri

Jailosi mwanangu,

Salamu naziruka, kwa kuwa umo ndani ya nyumba hii hii na sauti yako naisikia ng'ambo ya ukuta ukicheka na simu. Ninakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo utajibu, "Sawa mama, nimekusikia," kisha utatoka nje kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Karatasi huwezi kuiambia umeisikia. Itakubidi uisome.

Leo asubuhi uliponipokea ndoo ya maziwa pale zizini uliniinamia sikioni kunitania kwamba siku hizi ng'ombe ananikamua mimi. Nikageuza uso, nawe ukadhani nimekasirishwa na utani. Sikukasirika. Nilisikia kitunguu saumu katika pumzi yako. Nyumba hii haina kitunguu saumu, Jailosi. Sijakipika tangu dada yako Enesi alipoacha kukimbia, nawe wiki nzima umekula kutoka chungu changu. Harufu ile naijua kuliko harufu ya nguo zenu. Unameza seleniamu, tena unameza nyingi, na kesho unapanda basi kwenda kambi ya riadha Arusha, ambako pua yangu haitafika.

Basi sitakuandikia habari za kufua soksi, wala marafiki wabaya, wala kwenda kanisani. Hayo utayajua au utayakosea, na mengi yake yanatengenezeka. Nitakuandikia juu ya dada yako. Wewe ulikuwa mdogo, umebaki na vipande tu: kitambaa chake kichwani, na siku ile tuliporudi kutoka Mbeya akiwa amebebwa mgongoni na kondakta. Vipande vingine ninavyo mimi, na vinanichoma.

Ndama wa ng'ombe wetu wa kwanza ndiye aliyetuletea neno seleniamu katika nyumba hii. Baba yenu alikuwa amekwisha kufariki. Kahawa tulikuwa tunawauzia wanunuzi binafsi waliokuja na mizani yao na dharau zao, na kanisa likanipa mtamba wa mradi, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza nimpeleke kwa mjane mwenzangu. Mtamba akazaa ndama jike. Ndama akazaliwa hai, macho yanaangaza, lakini hasimami. Tukimwinua anakunja miguu na kuanguka. Nililia kuliko nilivyolia msibani, maana huyo hakuwa wangu, alikuwa wa mwenzangu, na watu wangesema nimemfanyia hila.

Akaja bwana mifugo na pikipiki kutoka Vwawa. Akampapasa ndama mapaja, akatikisa kichwa.

"Mama, udongo wetu huu mwekundu umechujwa na mvua miaka na miaka," akasema. "Majani yake yamepungukiwa madini yanaitwa seleniamu. Mwili unayataka kidogo sana, lakini yakikosekana kabisa misuli haikazi. Na huyu mama yake umemfunga bandani, atayatoa wapi? Anakula alipofungwa."

Akamchoma sindano. Jailosi, kesho yake ndama alisimama. Wiki haikuisha alikuwa anaruka kwenye mibuni na kuvunja matawi, nasi tunamfukuza huku tunacheka. Enesi alikuwa ametoka mbioni, jasho linamtiririka, akaegemea uzio na kusema, "Mama, na mimi nichomwe hiyo. Nitawaacha wote vumbini mpaka Vwawa." Tulicheka sana. Yeye alicheka akasahau. Mimi nilicheka, lakini neno likabaki kichwani mwangu likingoja siku yake.

Siku yake ikafika pale Enesi alipokuwa wa pili. Wewe hujui alivyokimbia dada yako. Alikimbia kama mtu aliyetumwa chumvi na mboga iko motoni, hana mbwembwe, miguu mitupu, hageuki nyuma. Kata yetu aliishinda, wilaya akaishinda, na kwenye mashindano ya shule ya mkoa msichana mmoja wa Rungwe akampita mwishoni kabisa. Wa pili! Mzazi mwenye akili angechinja kuku. Enesi mwenyewe alikula ubwabwa wake akalala fofofo. Mimi ndiye niliyekesha nikijiuliza mtoto wangu amepungukiwa nini, na jibu nilikuwa nalo tayari, limesimama kule bandani linacheua.

Nikaenda Tunduma. Miaka ile mpaka ulikuwa umefunguka kweli kweli, kila kitu kinavuka: sukari, vitenge, sabuni, na dawa ambazo hata mwuzaji hajui zimetengenezwa wapi. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Nakonde, Zambia, amepanga makopo kwenye beseni. Nikamwuliza kama ana seleniamu. Nilijiona msomi kwa kulijua neno hilo.

"Eya, bamayo! Iko, mama," akasema. "Hii muti ya maka. Inapa nguvu. Hata wacheza mpira wa Lusaka wanameza. Ni ya kwako?"

"Ya mtoto. Anakimbia."

"Basi chukua na hii ya nywele na ngozi. Mtoto akimbie, halafu apendeze."

Nikachukua makopo yote mawili. Hapa ndipo ujinga wangu ulipoota mizizi. Makopo yale yalikuwa na majina tofauti na rangi tofauti, lakini ndani yalikuwa na kitu kile kile. Maandishi yalikuwepo, madogo, pembeni. Sikuyasoma, na kama ningeyasoma nisingeyaelewa, na kama ningeyaelewa nisingekubali, maana nilikuwa nimekwisha kuamua. Na usiniulize nilipata wapi cha kununulia. Kuku wangu walikuwa wanataga vizuri. Mayai yote nikayapeleka sokoni Vwawa, na dagaa tukapunguza, ili vidonge visikatike. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba madini yale yamo ndani ya mayai, na yamo ndani ya dagaa. Nilimnyang'anya mtoto chakula ili nimnunulie kilichomo ndani ya chakula. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilishajaribu, kicheko hakikutoka.

Enesi alimeza bila ubishi. Alikuwa mtoto wa kusikia. Kwa hiyo usitegemee nikuandikie ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba hii aliyevunjika ni yule aliyesikia.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jirani akatania, "Nyinyi mnapika pilau kila siku, hata kutualika?" Nami nikafurahi. Nikadhani ndiyo dalili ya dawa kukolea, kwamba mwili umejaa nguvu hadi inatoka mdomoni. Kisha akaanza kuchoka. Akawa anarudi mbioni ametapika, anakaa mlangoni kwa hasira, anakufokea wewe kwa kosa la kupita karibu yake. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema amechoka kwa kuwa dawa haijatosha, nikaongeza. Alivyozidi kudhoofika ndivyo nilivyozidi kumpa. Nilikuwa namtibu kwa kile kile kilichokuwa kinamwumiza, kwa mikono yangu, na uji wa moto wa kusukumia.

Kucha zake zikatoka mistari myeupe, zikawa zinakatika kama maganda ya karanga. Halafu nywele. Asubuhi moja alikuja jikoni ameshika fungu zima mkononi, akanionyesha. Bibi yenu akasema ni jicho la watu wa Rungwe, mtoto amekuwa tishio. Nami nikaamini nusu, kwa sababu nusu hiyo ilinipumzisha. Nikamfunga kitambaa, tukaomba, na vidonge vikaendelea.

Mashindano ya mwaka uliofuata yalikuwa Mbeya mjini, na walikuwepo watu wa kuchagua vijana wa kupelekwa mbali. Nilimfuata, nawe nikiwa nimekushika mkono. Alitangulia. Nikakwambia, "Mwone dada, mwone!" Kwenye kona ya pili akaanza kukanyaga kama mtu anayepita gizani kwenye shamba lililolimwa. Akaanguka. Nikavuka kamba, nikamfikia, nikadhani ni kifundo.

"Mama," akaniambia, "sisikii ardhi."

Nikamwambia ainuke. Hilo ndilo nililomwambia mwanangu, Jailosi. "Inuka, bado wanakuja." Akainuka kwa kunitii, akaanguka tena.

Hospitalini daktari aliangalia kucha, akanusa pumzi yake, akaniomba nimweleze anachomeza. Nikatoa makopo kwenye kikapu. Nilikuwa nimeyabeba, ndiyo, ili ameze kabla ya mbio. Akasoma yale maandishi ya pembeni kwa muda.

"Nani alikwambia amepungukiwa seleniamu?" akauliza.

Nikasema, "Ndama."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Akavuta kiti akanieleza kama anavyoelezwa mtu. Akasema bwana mifugo hakukosea, na sindano ile haikukosea. Ng'ombe wangu alikuwa amepungukiwa kweli, akaongezewa kilichokosekana. Lakini binti yangu hakuwa amefungwa bandani. "Wewe unakula udongo wa wapi, mama?" akauliza. "Dagaa wanatoka ziwani. Mchele unatoka bondeni Kamsamba. Unakula maharage, mayai, nyama ya sikukuu. Ardhi ya kwako ikikunyima, nyingine inakupa." Akasema mkimbiaji anayekula vizuri kwa kawaida hupata ya kumtosha humo humo chakulani. Aliyepungukiwa, ukimpa, atarudi mahali pake. Ambaye hajapungukiwa hapati mbio za ziada, na madini haya hayana huruma, toka kiasi kinachotosha hadi kiasi kinachodhuru si mbali.

"Na yeye alikuwa amepungukiwa?" nikauliza. "Kabla ya mimi?"

"Alipimwa damu?"

"Hapana."

"Basi hatutajua tena alikuwaje, mama. Sasa damu imejaa ya kwako."

Miaka yote hii neno hilo ndilo linaloniamsha. Si kwamba nilimpa sumu. Ni kwamba sijui. Huenda alikuwa amepungukiwa kidogo, na kidonge kimoja kwa siku chache kingemfaa. Huenda hakupungukiwa hata chembe, na yule msichana wa Rungwe alimpita kwa sababu siku hiyo alikuwa na miguu mizuri zaidi, basi, kama inavyotokea duniani. Nilikuwa na nafasi ya kujua, nikaiziba kwa vidonge.

Tukaacha. Harufu ikaisha, kucha zikaota, nywele zikarudi, nzuri hata kuliko zamani. Ganzi ya nyayo ilikawia, ikapungua, na daktari akasema anaweza kuanza kukimbia taratibu. Enesi alitoka asubuhi chache, akafika kisimani, akarudi anatembea. Nikimwuliza anasema ardhi haimwamini. Sijui kama ni miguu au ni moyo. Watu wa kuchagua hawakurudi tena, na umri wa mkimbiaji haungoji. Akaenda Tunduma kuuza vitenge, akaolewa, akatulia. Nikaona amenisamehe. Alikuja kila Krismasi na sukari na kitenge changu, tukacheka, tukakaa. Nilidhani huo ndio msamaha.

Sasa nikwambie yaliyotokea juma hili, ambayo hukuyajua. Juzi nilikusikia kwenye simu ukitaja orodha ya kambi, nikampigia kocha wenu kumwuliza kama ni kweli amewaagiza mwende na vidonge vya madini. Hakuniogopa wala hakunidharau. "Mama, riadha ya siku hizi ni sayansi," akasema. "Kijana anatoka jasho, madini yanatoka na jasho, lazima yarudishwe."

"Mmewapima damu?"

"Kuwapima wote hatuwezi, mama yangu. Vidonge ndiyo njia rahisi."

Si mtu mbaya, mwanangu. Ndicho kilichonikatisha tamaa. Sauti yake ilikuwa sauti yangu ya zamani, ile ya kule Tunduma mbele ya beseni. Anawapenda, anataka mshinde, na hana kipimo. Nilitamani awe mwizi. Mwizi ningejua la kumwambia.

Leo baada ya kukusikia ile pumzi nikampigia Enesi simu. Nilitaka anisaidie. Nikasema moyoni, mama anaweza kupuuzwa, lakini dada mwenyewe aliyeanguka, huyo atasikilizwa.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyempa."

"Wewe? Wewe, Enesi?"

"Nilimpa alipokuja kununua raba. Nikamwambia asikwambie."

"Umesahau kucha zako? Umesahau nywele?"

"Sijasahau kitu. Kucha ziliota, nywele ziliota. Kilichokataa kurudi ni mbio, na zilikataa baada ya wewe kunikatisha dawa. Ulinianzishia kwa woga wako, ukaniachisha kwa woga wako. Wenzangu wangapi wanameza mpaka leo na wanakimbia? Mama, mwache Jailosi. Usimfanyie kama ulivyonifanyia mimi."

Nilikaa juu ya ndoo nimeshika simu iliyokwisha kukatwa. Kumbe miaka yote ile ya sukari na kitenge alikuwa ananilaumu, ila kwa jambo jingine. Mimi najilaumu kwa kumpa. Yeye ananilaumu kwa kuacha kumpa. Na nitamthibitishiaje? Daktari yule alikwisha hama. Makopo niliyachoma. Ushahidi pekee ni miguu yake, na miguu yake anaisoma yeye kwa namna yake. Mtu akiwa amepoteza kitu kikubwa namna ile, hawezi kuvumilia kusikia kwamba kilipotea bure kwa ajili ya ndama na mama mshamba. Ni afadhali kwake kuamini kwamba dawa ilikuwa ya kweli na alinyang'anywa. Ningekuwa yeye ningeamini hivyo hivyo.

Kwa hiyo sijui naandika kwa ajili ya nini. Kocha wako anasema meza. Dada yako, aliyeumia, anasema meza. Wenzako kambini watakuwa wanameza. Upande wa pili niko mimi peke yangu, mwanamke ambaye siku zote anafika na maarifa kitu kikiwa kimekwisha kuharibika. Ukiwauliza watu tumwamini nani, hata mimi nisingejichagua.

Lakini niseme, kwa sababu nikinyamaza nitakuwa nimeongeza dhambi. Sikwambii seleniamu ni uchawi. Ni kitu cha kweli, mwili wako unacho, na bila hicho ungekuwa kama ndama yule. Pengine nawe umepungukiwa, udongo wetu ndio huo huo. Ukifika Arusha hospitali ziko kubwa. Nenda ukapimwe damu. Wakikwambia umepungukiwa, meza, kwa kiasi watakachokwambia, mpaka siku watakayokwambia basi, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuombea kidonge kikufae. Wakisema huna upungufu, kula mayai yako na dagaa wako ukimbie. Ninachokiogopa ni kumeza kwa kukisia, kwa sababu mwenzako anameza, kwa sababu ulikuwa wa pili. Na pumzi yako, mwanangu, inasema umekwisha kupita kiasi. Zitazame kucha zako. Leo nilizitazama wewe ukila, ukanishangaa kwa nini nakushika shika mkono kama mchumba.

Na utakuwa wa pili, Jailosi. Hili hakuna atakayekwambia kule. Utakuwa wa pili, na wa tano, na siku nyingine utakuwa wa mwisho huku nyonga inakuuma na mvua inanyesha. Siku hizo ndizo hatari. Mtu akishindwa hutafuta amepungukiwa nini, na duniani hakosekani mwenye beseni la kumjibu. Nilipoliona chozi la mtoto wangu baada ya kuwa wa pili, kumbe halikuwa chozi, lilikuwa jasho, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulitafutia dawa. Sikuweza kumwacha awe alivyokuwa. Namna niliyompenda ndiyo iliyomwangusha, na sijui namna nyingine ya kupenda, ndiyo maana leo naogopa hata kuandika barua hii. Huenda nayo ni kidonge kingine.

Nimeacha kuandika kidogo. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako pale senta, nikasikia geti likifungwa. Nikaingia chumbani mwako.

Begi lako umelipanga vizuri kuliko nilivyotegemea. Kopo lilikuwa ndani ya raba ya kushoto, limezungushiwa soksi. Rangi nyingine, jina jingine, maandishi yale yale madogo pembeni. Safari hii nimeyasoma. Nilikaa kitandani kwako nalo muda mrefu nikifanya hesabu ya mama, ambayo siku zote haitoki sawa. Nikikuachia, pengine kucha zitakatika na siku moja utaniambia maneno yale ya dada yako pale Mbeya. Nikilichukua, utanunua jingine huko njiani, au hutanunua, na siku utakaposhindwa, nawe lazima siku moja utashindwa, utasema kama si mama ningeshinda. Utasema hivyo mpaka uzeeni. Nitakuwa na watoto wawili waliokwamishwa na mimi, mmoja kwa kumpa na mwingine kwa kumnyima, na sukari ya Krismasi itakuja kutoka pande mbili.

Nimevimwaga chooni. Vyote. Kopo tupu nimelitia motoni. Sijui kama nimefanya vizuri, na siombi uniambie.

Barua hii naikunja na kuiweka ndani ya raba ya kushoto. Hutaiona mpaka Arusha, utakapotafuta kopo. Kesho alfajiri utatoka na begi lako, utachuchumaa pale mlangoni, utaniambia shikamoo mama, na mimi nitaitikia marahaba mwanangu, nikushike kichwa, huku najua na wewe hujui. Nimefikiria kukwambia uso kwa uso, na nimeshindwa. Itakuwa shikamoo ya mwisho kuipata kwako kabla hujawa na la kunilaumu, na nimeona niipokee.

Mama yako